Lita Moja, Kwenda na Kurudi

Hapa Kinanira sote tulimwita Shoferi. Jina alikuwa nalo, lilikuwa limeandikwa kwenye permi yake ya kuendesha gari, lakini hakuna aliyelitumia na mimi sitaanza leo. Alizaliwa wapi, baba yake alikuwa nani, sikumwuliza na yeye hakunieleza. Tumekaa ukuta kwa ukuta miaka kumi na mmoja. Ninachojua ni kwamba alikuwa na gari dogo la rangi ya majivu na mke mgonjwa, na kazi yake yote tangu alipostaafu ilikuwa kuhakikisha hilo gari linamfikisha huyo mke hospitali.

Mkewe alikuwa na ugonjwa wa figo. Jumatatu na Alhamisi alilazwa kwenye mashine ya kusafisha damu, katika hospitali iliyo upande wa pili wa mji, kule Kamenge. Akikosa siku moja miguu inavimba. Akizidi hapo, hapumui vizuri. Haya nilielezwa na mke mwenyewe, siku tuliyojuana, akinisaidia kuchambua maharagwe, kama mtu anayenieleza bei ya sabuni imepanda.

Kwenda na kurudi ni kilomita kumi na sita. Watu wengine, gari kama lile, wangekula lita moja na nusu hata mbili, kwa sababu ya huu mlima wetu. Shoferi alikuwa anakula lita moja. Usimwambie kwamba haiwezekani. Nilimwambia hivyo mara moja, akanionyesha.

Kwanza alikuwa hawashi injini kuteremka. Kutoka geti lake mpaka barabara kubwa ya chini ni mteremko mtupu, basi yeye alikuwa anazungusha ufunguo kwenye kontaki tu ili usukani usifunge, anaachia breki ya mkono, na gari linajiendea lenyewe kimya. Watoto wa mtaa walikuwa wanaliogopa. Unasikia tu matairi yanasaga vijiwe, unageuka, Shoferi huyo, uso mkavu, mikono miwili kwenye usukani.

"Na breki?" nilimwuliza.

"Bila injini breki inakuwa ngumu. Unaikanyaga mara mbili, ya tatu ni kama unakanyaga ukuta."

"Na mutu akivuka?"

"Mi mutu namwona kabla yeye hajafikiria kuvuka."

Breki yenyewe hakuipenda. Alisema kila ukikanyaga breki unamwaga mafuta ambayo umeshayachoma. Kwa hiyo alitazama mbali. Akiona taa nyekundu huko mbele sana anaachia mguu, gari linazeeka polepole mpaka taa ibadilike. Nyuma watu wanapiga honi, wanamtukana kwa Kirundi, kwa Kifaransa, kwa Kiswahili. Yeye hajibu. Alisema barabara haili mafuta, anayekula ni mguu.

Pili, uzito. Alitoa redio. Alitoa mazulia, akatoa kisahani cha majivu ya sigara, akatoa gurudumu la akiba akaliweka chini ya kitanda. Mwavuli wa mkewe aliuacha nyumbani, msimu wa mvua. Siku moja mama mmoja wa kwaya alimwomba amfikishe mjini tu, wanaelekea njia moja. Shoferi akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu.

"Unapima kilo ngapi?"

"Ati nini?"

"Kilo. Kila mutu anakunywa mafuta yake."

Yule mama alilitangaza mtaa mzima. Kanisani walilijua kabla ya mahubiri. Mimi sikucheka sana, maana yalishanikuta. Nilikuwa nashuka kwenda sokoni na mguu umevimba, nikamwona anateremka nyuma yangu, nikainua mkono. Gari likanipita kimya na dirisha wazi, na Shoferi akapaza sauti:

"Nisamehe, Mama Makaa! Nikisimama hapa sitoki tena bila kuwasha!"

Nikatembea. Wiki mbili sikumsalimia. Mwisho wake alikuja na bisibisi, hakusema kitu, akatengeneza mlango wa jiko langu uliokuwa unaning'inia tangu mwaka uliopita, akaondoka. Ndivyo alivyokuwa anaomba msamaha. Maneno aliyabana kama mafuta.

Mimi ninauza makaa, ndiyo maana aliniita hivyo. Nayajua mambo ya moto. Najua ukimaliza kupika unafunika kaa kwa jivu ili lisijimalize bure. Nilimweleza hayo, na asubuhi iliyofuata nikakuta amefunika boneti la gari kwa blanketi kuukuu. Ati injini isipoe. Ni joto la Bujumbura hili, nani anapoa hapa? Lakini blanketi likabaki kila siku, na kila Jumapili alikuwa analifua.

Kusoma sikusoma sana. Nilifika darasa la tatu nikatolewa kwenda kulea wadogo zangu. Hesabu za gari nilifundishwa na Shoferi kwa kopo langu la makaa. "Kopo moja linapika nini?" ananiuliza. Namwambia ugali na mboga, maharagwe hapana. "Vizuri. Lita moja inapika Kamenge kwenda na kurudi. Ukiwa na makopo matano una siku ngapi?" Hivyo hivyo. Nilielewa haraka kuliko alivyofikiria, na sifichi, nilijisikia vizuri.

Mshale wa mafuta ulio mbele ya dereva hakuuamini. Alikuwa na waya, ule wa breki ya baiskeli, ameufunga nyuzi nyekundu kwa vipimo. Wakirudi kutoka hospitali, mkewe anashuka taratibu, anashika nguzo ya geti, na hata awe amechoka namna gani haingii ndani kabla ya kuuliza:

"Tumekula ngapi, Baba?"

Shoferi anaingiza waya kwenye tanki, anautoa, anautazama kwenye mwanga.

"Moja."

Mkewe anaitikia kwa kichwa, ameridhika, anaingia. Siku nyingine anajibu, "Moja na kidogo. Yule mwanafunzi pale Mutanga aliniingilia barabarani." Na mkewe anamlaani mwanafunzi kwa sauti, huku anacheka. Alikuwa mwenye maneno, yule mwanamke. Aliniambia, "Dada, mimi na hili gari ni wake wenza. Lakini lenyewe ndilo bi mdogo. Lenyewe linaogeshwa kwa sabuni ya harufu." Na ni kweli, maana yule mtu aliyebana kila tone alikuwa anaosha gari kwa madebe ya maji na sabuni nzuri, na siku za hospitali alivaa tai. Tai ya bluu, amebaki nayo kutoka kazini.

Kazini alikuwa amewaendesha wakubwa kwa miaka thelathini, magari makubwa ya juu, yanayokunywa kama ng'ombe. Mafuta alikuwa anapewa kwa bon, karatasi ya ofisi, anatia saini tu. Aliwahi kunieleza kwamba alikuwa anamsubiri bosi nje ya mkahawa saa mbili nzima injini inawaka, ili bosi akitoka akute kiti kimepoa.

"Saa mbili!" nikasema. "Na hukuona haya?"

"Hayakuwa mafuta yangu."

Halafu akasema, "Yale mafuta ningeyapata leo, mke wangu angeenda hospitali mpaka mwisho wa dunia."

Nikaongeza kaa kwenye jiko.

Halafu esansi, petroli yenyewe, ikaanza kukosekana mjini. Anayekaa hapa anajua, asiyekaa nitamweleza. Magari yanapanga mlongo, foleni ndefu kutoka kituo cha mafuta, yanazunguka kona, yanalala hapo. Siku mbili, siku nne. Hakuna anayewasha injini. Tanki la kuleta mafuta likija, yale ya mbele yakijaza, mlongo unasukumwa kwa mikono. Na ndani ya kila gari lazima awepo mtu wa kushika usukani, kwa sababu mlongo ukisogea na gari lako likabaki, wanakuzunguka, basi, umepotea.

Kulikuwa na wauza vibidoni vya mafuta pembeni. Shoferi alinunua kwao mara moja. Yalikuwa yamechanganywa na kitu, gari likakohoa mpaka likazima katikati ya mji, mkewe ndani. Siku hiyo walifika kwenye mashine wamechelewa saa mbili. Akaapa hatanunua tena kwa mtu asiyemjua. Teksi zenyewe zilikuwa mlongoni pamoja nasi, na bajaji hazipiti katikati ya mji. Kwa hiyo ilibaki kupanga mlongo.

Lakini angepangaje na mkewe hawezi kubaki peke yake? Nikamwambia nitakaa mimi. Akanitazama.

"We hujui kuendesha."

"Gari lenyewe haliendeshwi, linasukumwa. Nionyeshe breki iko wapi."

Basi nikawa mtu wa mlongo, kwa umri huu. Nilibeba jiko langu dogo nikawa nachoma mahindi pembeni ya gari, na wakipiga kelele "Sukuma!" naingia ndani, nashika usukani, natazama mbele kama nimeambiwa. Vijana walinicheka mwanzo.

"Bibi, una permi?"

"Permi yangu ni hizi mvi. Sukuma."

Nyuma yangu alikuwa mwenye teksi mmoja, Mkongomani wa Uvira, mtu wa kelele, viatu bila kamba. Aliniita Mama Minista, ati natembea na madereva wanne wa kunisukuma. Alikula mahindi yangu mengi na mengine hakulipa. Nilimweka kwenye kundi la watu wa kuchunga.

Alhamisi ile ilikuwa siku ya nne gari liko pale. Jumatatu iliyotangulia Shoferi alilitoa akampeleka mkewe, akarudi kupanga upya mkiani, na kuanzia hapo likasogea mpaka likawa la tisa kutoka kwenye pompi. La tisa. Hatujawahi kufika hapo. Na asubuhi habari ikapita mlongo mzima: tanki linakuja leo, limeonekana njiani.

Shoferi akaja saa moja asubuhi na tai yake.

"Shuka, Mama Makaa. Natoa gari."

"Unalipeleka wapi?"

"Leo Alhamisi."

"Najua leo Alhamisi, mimi si mtoto. We ni wa tisa. Wa tisa, Shoferi! Tanki linakuja."

"Mashine yake ni asubuhi."

"Una lita ngapi?"

"Moja na nusu."

"Ukienda ukirudi unabaki na nusu. Unarudi mkiani, huko karibu na kanisa. Jumatatu utampeleka na nini? Na mate?"

Nikaendelea, na maneno yote haya ninayakumbuka, kwa sababu nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko sala.

"Ukijaza leo wanakupa ishirini. Ishirini ni safari ishirini. Ni wiki kumi, Shoferi. Wiki kumi huji kulala hapa. We ndo ulinifundisha hii."

Nilimwona anahesabu. Macho yake yalikwenda juu kidogo, kama alivyokuwa anautazama waya kwenye mwanga. Akasema, "Na nikiweka jiwe?"

Wengine walikuwa wameanza kufanya hivyo. Mtu ana msiba au ana mgonjwa, anatoa gari, anaweka jiwe mahali pake, na walio karibu wanalisogeza kadiri mlongo unavyosogea. Nilikuwa nimesikia. Sikuwa nimeona.

"Jiwe!" nikasema. "Kwa hawa? Hawa wanaoibiana vifuniko vya tanki? Utarudi ukute jiwe lako liko mtaroni."

Yule mwenye teksi alikuwa amesimama hapo na hindi mkononi. Akasema, "Muzee, weka jiwe, nenda. Mi nitaliangalia."

Nikamgeukia. "We funga mdomo. We si ndo wa kumi? Huyu akitoka unakuwa wa tisa."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alisema "Sawa, Mama," akarudi kwenye gari lake akafunga mlango.

Shoferi alifungua tai, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. Akapiga simu hospitali, akaambiwa amlete mgonjwa kabla ya saa nane mchana, watamtafutia nafasi. Akaketi kwenye kiti cha mbele kando yangu, mkewe amemwachia jirani mmoja. Tukangoja.

Saa sita tanki halijaja. Saa saba akaweka mkono kwenye mlango. Nikamwambia, "Saa hizi? Umengoja yote haya, sasa ndo unatoka?" Akatoa mkono. Tanki lilikuja saa kumi. Lilijaza magari sita, mtu wa pompi akapandisha mikono juu kwamba yameisha. Tukasukumwa tukawa wa tatu.

Wa tatu! Nani anatoka akiwa wa tatu? Ijumaa tukangoja. Jumamosi tukangoja. Jumamosi jioni Shoferi alinipokea usukani nikapita kumwona mkewe, miguu yake ilikuwa imejaa kama mito ya kulalia, na uso umebadilika. Akaniambia, "Dada, kaa kwenye mlongo, usiache nafasi yetu." Alisema hivyo mwenyewe. Sisemi ili kujikinga. Nasema kwa sababu alisema.

Jumapili alfajiri, Shoferi akaja mbio. Sikuwahi kumwona anakimbia. Hana tai, shati la ndani tu. Hakuniambia nishuke, niliona uso wake nikashuka.

Gari lilikuwa limebanwa. Mbele bampa kwa bampa, nyuma bampa kwa bampa, kulia mtaro, kushoto mlongo mwingine wa malori. Hakuna pa kupitia. Shoferi akazunguka gari, akashika boneti kwa mikono yake miwili kama anataka kulinyanyua peke yake. Ndipo yule mwenye teksi akafungua mlango wake, akapiga kelele mlongo mzima usikie:

"Wanaume! Muzee ana mgonjwa! Mikono hapa!"

Wakaja. Nane, kumi, sikuhesabu. Wengine walikuwa wamelala kwenye viti, wametoka na blanketi mabegani. Wakashika chini ya milango, chini ya bampa. "Moja, mbili, tatu!" Wakalinyanyua gari lile, ambalo mwenyewe aliliondolea redio na mazulia na kila kitu, wakalibeba juu ya mtaro kama jeneza, wakaliweka barabarani. Haikuchukua muda wa kumenya hindi moja.

Shoferi akawasha injini pale pale na akaondoka nayo inalia.

Mwenye teksi akaokota jiwe mtaroni, jiwe kubwa, akaliweka mahali pa gari. Akaja kwenye jiko langu, akachukua kaa lililozimika, akaandika juu ya jiwe namba ya gari la Shoferi. Aliijua kwa kichwa. Alikuwa ameitazama wiki nzima mbele yake. Hakunitazama. Mimi nilibaki nimesimama na kipepeo cha moto mkononi, na nikaelewa kwamba hili lingewezekana Alhamisi.

Hospitali walimpokea, wakamlaza kwenye mashine siku ile ile, walifanya walichoweza. Alifariki Jumatatu asubuhi.

Jumanne tanki lilikuja. Nilikwenda pale, sijui kwa nini, miguu ilinipeleka. Jiwe lilikuwa pale, la tatu. Magari yalikuwa nyuma yake na mbele yake na hakuna aliyeligusa, siku mbili. Shoferi akaja na gari, mwenye teksi akaliondoa jiwe kwa mguu, gari likaingia. Wakamjazia lita ishirini. Mafuta hayo ndiyo yaliyokwenda kuchukua maiti, ndiyo yaliyokwenda makaburini na kurudi. Na mengi yakabaki.

Kwenye matanga nilikaa jikoni siku zote tatu. Moto niliuangalia mimi. Hakuna aliyeniuliza kitu, na Shoferi alinishukuru kwa makaa, mbele za watu, kama anavyomshukuru jirani yeyote. Hilo lilikuwa gumu kuliko kama angenitukana.

Baada ya hapo aliongea kidogo zaidi kuliko zamani, na zamani alikuwa haongei. Kupitia ukuta niliona mambo. Gurudumu la akiba lilirudi kwenye buti. Mazulia yalirudi. Mwavuli wa mkewe aliuweka kiti cha nyuma, ukabaki hapo. Blanketi la boneti sikuliona tena. Asubuhi nyingine nilisikia injini inawaka uani, inanguruma muda mrefu bila kwenda popote, mpaka moshi wake unaingia kwenye nguo zangu nilizoanika. Zamani ningepaza sauti. Nilianua nguo, nikaanika upande mwingine.

Miezi ilipita hivyo. Mwezi uliopita, mafuta yakiwa yamepatikana kidogo, nilikuwa nashuka kwenda mjini na gunia la makaa la mteja. Kijana wa baiskeli niliyemkodi alikuwa ameniacha njiani na mzigo, nimesimama kwenye ule mteremko, mahali pale pale aliponipita siku ile ya mguu. Nikasikia injini. Gari la rangi ya majivu linateremka linanguruma, likasimama mbele yangu. Alikanyaga breki vizuri kabisa.

"Panda, Mama Makaa."

"Nina gunia."

"Panda na gunia."

Alikuwa amevaa tai. Nilipokaa ndipo nikakumbuka kuwa ni Alhamisi.

Tuliteremka na injini inawaka njia nzima. Nilingoja aizime. Kwenye kona ya kwanza nilingoja, kwenye ya pili nikatazama mkono wake, mkono haukwenda kwenye kontaki. Alikwenda haraka mpaka kwenye taa nyekundu na kukanyaga breki pale pale chini ya taa, kama vijana. Tukafika mjini, tukapita barabara ya mteja wangu. Nilimwonyesha kwa kidole. Hakugeuka. Nikaweka mikono juu ya gunia. Tulikwenda mpaka Kamenge, mpaka mbele ya geti la hospitali, mahali wanaposhushwa wagonjwa. Akasimama. Hakushuka. Injini inawaka, gari linatetemeka kidogo, mlinzi akamwinulia mkono kama mtu anayemjua.

"Unakuja kila Alhamisi?"

"Na Jumatatu."

"Zima basi, Shoferi. Unachoma bure."

"Apana."

Tukakaa. Watu wakaingia, watu wakatoka. Nilikuwa nimeyabeba yale maneno muda mrefu, nikaona nikishuka nayo tena nitakufa nayo.

"Mimi ndiye niliyekwambia ubaki kwenye mlongo."

Alikuwa anatazama geti. "Hesabu ilikuwa sawa, Mama Makaa. Mi mwenyewe niliifanya. Nimeirudia mara nyingi. Ilikuwa sawa."

"Haikuwa sawa. Jiwe lilikaa."

Hapo akanitazama, mara ya kwanza tangu msiba. Alikuwa amezeeka.

"Ndiyo," akasema. "Jiwe lilikaa."

Akaingiza gia. Tulimpelekea mteja gunia lake njiani, Shoferi mwenyewe akalibeba mpaka mlangoni, na injini inawaka barabarani na mlango wazi. Halafu tukapanda mlima wetu kwa gia ya pili, na gari linalia.

Getini kwake nilishuka taratibu, magoti hayanipendi, nikashika nguzo ili nisianguke. Neno lilinitoka kabla sijalizuia, kwa sababu ndilo neno la mahali pale.

"Tumekula ngapi?"

Shoferi alikuwa bado ameshika usukani. Ule waya wa breki ya baiskeli niliuona, ulikuwa umening'inia kwenye msumari ukutani, una kutu, nyuzi nyekundu zimepauka.

"Sijaangalia," akasema.

Nikaingia kwangu, nikafunga mlango. Injini ilikuwa bado inawaka.